Kupe wa Mfungo Tatu

Kupe wa kwanza niliyemfikisha kazini alisafiri nami hadi Kipevu kwenye mkono wa buibui. Nina buibui moja lenye shanga ndogo nyeusi mikononi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeinamia karatasi za makontena wakati mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja wa bara, aliponiambia, "Madam, shanga yako moja inatembea." Nikatazama. Ilikuwa inatembea kweli, polepole, kutoka kiwikoni kwenda juu, bila wasiwasi wowote. Nilimchukua kwa karatasi, nikamtia ndani ya bahasha, nikaifunga kwa gundi na kuitupa pipani. Kwa nini bahasha, sijui. Ukifanya kazi ya klaringi, ya kupitisha mizigo bandarini, miaka mingi unazoea kufungasha kila kitu kabla ya kukiondoa.

Sikumweleza kupe alikotoka. Nilisema ni mdudu tu. Watu wa bara wakisikia mtu ni mwenyeji wa Mombasa hudhani ameishi kwa upepo wa bahari na mahamri, na sikuona haja ya kumwambia kwamba mimi nyumbani nalala na soksi.

Nililelewa Jomvu Kuu, nikaolewa Kisauni, nikaachika, nikarudi. Kaka zangu wote wako mbali, na mama alikuwa amebaki peke yake na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kulia lilikuwa limefunga kabisa. La kushoto liliona mwanga na vivuli. Kisu cha daktari hakukitaka, na hakuwa mtu wa kusukumwa. Kwa hivyo nilirudi, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba katika miaka yote niliyokuwa sipo, wadudu wa kwetu hawakubadilisha ratiba. Usubi hutoka mikokoni alasiri na huuma vifundoni. Mbu hupokea zamu magharibi. Siafu huja baada ya mvua kubwa, na hao hawana adabu, hata sebuleni hupita. Utitiri uko kwenye banda la kuku na humpata kila anayeokota mayai. Kupe peke yake ndiye hana saa. Hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele, hungoja. Kama si hiyo kazi anayoingojea, subira yake ingetolewa mfano msikitini.

Mama husema wadudu hunifuata kwa kuwa damu yangu ni tamu. Naona ni maneno ya kumfariji mtu asiyefarijika. Sikupenda nje tangu nikiwa mdogo na bado sipendi. Nasema haya mapema ili isije ikadhaniwa kwamba niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa kupenda wanyama.

Mama alikuwa na mbuzi wawili nyuma ya nyumba, kati ya jiko la nje na mihogo yetu michache: mbuzi jike mweupe, wa siku nyingi, na mwanawe wa kiume, mwekundu, aliyekuwa ametimiza miaka miwili. Huyo dume alikuwa wa Idi.

Kila Idi ya mfungo tatu, Idi ya kuchinja, tangu nipate akili, marehemu baba alichinja mbuzi kwa niaba ya nyumba nzima. Alipofariki, kaka zangu wakawa wanachinja kwao na kutuletea fungu. Mama hakulalamika. Lakini siku dume yule alipozaliwa, alimshika angali mbichi, akapitisha vidole mwili mzima, akasema, "Huyu wangu. Huyu nitamtinda mimi." Mama ni mtu wa Mvita wa zamani, kwake kuchinja ni kutinda, macho ni mato na njoo ni ndoo, na hakuna aliyewahi kumbadilisha. Alitaka udhiya yake mwenyewe, sadaka ya kuchinja ya Idi, kwa jina lake, ya mnyama aliyemlea kwa mkono wake. "Nimekula udhiya za watu maisha yangu yote," aliniambia. "Nataka na mimi nipeleke changu." Kaka zangu walijitolea kumletea dume mkubwa zaidi. Akakataa. Cha kununuliwa, alisema, ni cha aliyekinunua.

Na mnyama wa udhiya ana masharti. Kila mtoto aliyepita madrasa ya kwetu anayajua kwa moyo: asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda, wala asiwe na sikio lililokatika. Kwa madhehebu yetu sikio likipungua hata kidogo, udhiya haisihi, haihesabiwi. Aliyetufundisha hivyo ni mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye mpaka leo ndiye mwalimu wa madrasa na ndiye anayechinjia nusu ya mtaa.

Kupe, kwa bahati mbaya, hupenda sikio kuliko mahali pengine popote.

Mama aliwatafuta kwa vidole. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi kwenye kibao, nikamletea mbuzi, akambana katikati ya magoti, kazi ikaanza: masikio kwanza, kisha shingo, kwapa, chini ya mkia, katikati ya kwato. Alikwenda taratibu kama mtu anayechambua mchele, na alijua kwa kugusa tu kupe aliyeshiba na asiyeshiba, aliyenata jana na aliyenata leo. Pembeni palikuwa na kopo la maziwa lenye maji ya chumvi. Kila kupe alisomewa bismillahi, akazungushwa kidogo, akang'oka mzima, akatumbukizwa. Kuwachoma mama alikataza, kwa sababu moto ni adhabu ya Mola, si yetu. Kuwaponda kwa kucha alikataza pia, kwa sababu damu ni najisi na magharibi iko karibu. Kazi yangu ilikuwa kushika pembe na kumwaga kopo. Nilimwaga mbali, nikatazama chini mara mbili kabla ya kugeuka.

Majirani walikuwa na dawa zao. Mmoja alituambia tuchemshe mwarobaini, tukachemsha, mbuzi akanuka mwarobaini na kupe wakabaki. Mwingine alisema tumbaku. Mimi nilinunua dawa ya kupe ya dukani na bomba la mkono, nikapuliza kila wiki, na hiyo ilisaidia. Lakini ilipobaki kama mwezi mmoja kabla ya Idi mama alisema basi. Nyama ile ingeliwa na maskini, hakutaka wale sumu. Hilo nililikubali; hata maandishi ya chupa yalitaka mnyama apumzishwe kabla ya kuchinjwa. Tatizo ni kwamba mwaka huo Idi iliangukia mwisho wa masika. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, na kupe walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Kila alasiri kopo lilipata kupe thelathini au arobaini. Vidole vya mama viliwaweza. Nakiri, viliwaweza.

Kisha mwezi ukaandama.

Mwenye kukusudia kuchinja hakati nywele wala kucha tangu mwezi wa mfungo tatu uandame mpaka siku achinje. Hilo linajulikana pwani nzima, na mama alilishika vilivyo. Jioni moja kabla alinipa mikono nikamkata kucha kwa wembe, maana macho yake hayakumruhusu kujikata. Lakini alasiri ya siku ya kwanza nilipomletea mbuzi, aliketi kwenye kibao mikono ikiwa mapajani.

"Mrudishe," alisema.

"Hutamtoa kupe?"

"Kupe hatoki peke yake, mwanangu. Hutoka na nywele. Zangu sizikati, zake nitazing'oa? Sote wawili tu katika niya moja."

Nilimwambia sijawahi kusikia katazo hilo la mnyama. Akajibu kwamba bibi yake alikuwa akifanya hivyo, na bibi yake alikuwa na dini kabla ya madrasa kujengwa. Nikasema basi tumuulize mjomba. "Mjombako ana wanafunzi wake," alisema. "Mimi si mwanafunzi wake. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni." Hapo mjadala ulikwisha. Tena akaamua asimguse mbuzi kabisa siku hizo, kwa sababu alijijua: kidole chake kikikuta kupe kitamng'oa kabla yeye hajakumbuka. Kulisha na kunywesha kukawa juu yangu.

Kosa la mama, nikilitazama sasa, lilikuwa la mtu anayependa ibada yake mno. Hawezi kutoa kipimo kamili. Lazima aongeze kidogo juu, kama anayempimia jirani unga. Langu lilikuwa la namna nyingine.

Kufikia siku ya nne masikio ya mbuzi yalikuwa hayatazamiki. Kupe walipangana ukingoni mmoja kando ya mwenzake, wale wa kijivu walioshiba wakining'inia nje, wale wadogo wa kahawia wakijaa ndani. Mbuzi alipunguza kula. Alisimama akitikisa kichwa na kujisugua kwenye nguzo ya banda. Mwenye mifugo yeyote anajua kwamba kupe huleta maradhi, na mbuzi mgonjwa hafai kwa udhiya. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza, na ni sababu nzuri. Sababu ya pili ni kwamba siku hiyo hiyo, nikioga, nilimkuta kupe nyuma ya sikio langu mwenyewe, amekwisha kunata, na nikapiga ukelele ambao mtu mzima hapaswi kuupiga. Sitaki kudanganya kuhusu ipi kati ya sababu hizi mbili ilikuwa nzito zaidi.

Asubuhi ya siku ya tano, mama akiwa chumbani anavuta uradi baada ya sala ya alfajiri, nilikwenda bandani na koleo ndogo ya kukatia nyaya iliyokuwa kwenye droo ya jikoni. Kuwashika kupe kwa vidole sikuweza. Vidole vya mama, bila macho, vingelimaliza sikio lile kwa robo saa. Vyangu vilikuwa na macho mawili mazima ya kuviongoza na havikuthubutu. Nilimfunga mbuzi nguzoni, nikamshika sikio la kushoto, nikaanza. Wa kwanza akatoka. Wa pili akakatika, kichwa kikabaki ndani. Nilitakiwa kazini saa mbili. Nikaona watatu wamebanana ukingoni, nikajiambia niwatoe kwa mpigo mmoja. Nikabana. Nilibana kupe watatu na sikio pamoja, na mbuzi akarusha kichwa.

Alilia mara moja tu. Kwenye koleo walibaki kupe watatu na kipande cha ngozi chenye nywele nyekundu, kadiri ya ukucha wa kidole changu cha mwisho.

"Mbuzi yuwalia nini?" mama aliita kutoka ndani.

"Amedungwa na mwiba, mama."

"Umemtoa?"

"Nimemtoa."

Nilibandika majivu ya jikoni mpaka damu ikakauka. Nikaosha koleo, nikairudisha kwenye droo, nikaenda kazini.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilitafuta kwenye simu. Nilitafuta fatwa kama mtu anayezunguka maduka akitafuta bei nafuu, na mwishowe nikaipata: ziko kauli za madhehebu mengine kwamba sikio likipungua chini ya theluthi haliharibu kitu. Nikapima kwa akili yangu. Ukucha mmoja si theluthi. Nikazima simu, nikarudi kwenye karatasi zangu. Swali la kama mtu anaweza kumhamisha mamake madhehebu bila kumwambia sikujiuliza, au nilijiuliza kwa sauti ndogo sana.

Nilikuwa na nafasi, na hili nataka lieleweke. Yule mbuzi jike alikuwepo, masikio yote mawili mazima. Hakuwa na mimba. Jike anafaa kwa udhiya kama dume, na alikuwa amelelewa kwa mkono ule ule. Ningesema siku ya tano, au ya sita, au hata ya tisa, mama angenung'unika kidogo, kisha angebadilisha. Wala siyo kwamba nilimwogopa. Niliona haya. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, anayepitisha mizigo ya watu bandarini, amempasua sikio mbuzi wa mamake kwa kuogopa kugusa kupe. Kila nilipokwenda bandani nilisimama upande wa kulia wa mbuzi, ili sikio la kushoto nisilione.

Siku ya Arafa, mkesha wa Idi, mama alifunga. Nilimpikia uji wa kufuturia, na alipokuwa akinywa aliniuliza kama mbuzi yuwala vyema. Nikasema yuwala. Akasema, "Nimemsikia leo akitikisa kichwa. Karibu tu apumzike, maskini. Amevumilia kama mimi." Nikachukua bakuli lake nikaenda kuliosha, ingawa lilikuwa halijakwisha.

Asubuhi ya Idi mjomba alikuja baada ya sala na hotuba, kisu chake kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa na wanyama wengine wanne wa kuchinja mtaani. Mama alikuwa amevaa kanga mpya, amejifukiza udi, ameketi kwenye kiti nyuma ya nyumba kama bibi harusi. Sijawahi kumwona amefurahi vile tangu baba afariki. Nilimleta mbuzi kwa kamba.

Anayechinjiwa humpa mchinjaji uwakili kwa kutamka, na mama alitaka kutamka mkono wake ukiwa juu ya mnyama. Akaunyoosha hewani, nikamsogeza mbuzi, mkono ukatua kati ya pembe. "Nimekuwakilisha, ndugu yangu," alianza, "unitindie udhiya yangu." Na vidole, vilivyokaa siku zote hizo bila kazi, vikaenda vyenyewe kwenye masikio. La kulia kwanza. Vikapita juu ya kupe bila kuwang'oa. Kisha la kushoto. Vikafika ukingoni, vikarudi nyuma, vikafika tena.

"Hapa pana nini?"

Mjomba aliinama kutazama. Jeraha lilikuwa limekauka na kupe wapya wamelizunguka. "Sikio limepungua," alisema. "Ni kupe hawa, dada. Wamelila mpaka limemeguka."

Palikuwa na neno moja la kusema hapo, nami ndiye niliyekuwa nalo. Nilishika kamba kwa mikono miwili na kutazama kwato za mbuzi.

"Ni mimi niliyewaachia," mama alisema. Akauondoa mkono wake, akaufuta kwenye ile kanga mpya. "Basi si udhiya tena. Mtinde tu, iwe nyama."

Mjomba si mtu wa maneno makali. Alimwambia kwamba mlango haujafungwa, kuna siku tatu nyingine za kuchinja baada ya Idi, mpaka jua la siku ya tatu lizame. "Yupo mamake hapo. Niite tu, hata kwa simu, nitakuja." Mama akasema, "Tutaona." Mbuzi akalazwa, akachinjwa. Tuligawa nyama ile ile kwa watu wale wale waliokusudiwa, na kila aliyeipokea mlangoni alisema Mola aikubali udhiya yako, na kila mmoja mama alimjibu, "Si udhiya. Ni nyama. Kuleni kwa afya."

Siku ya kwanza baada ya Idi nilingoja aseme nimwite mjomba. Nilikuwa nimeacha simu mezani makusudi, karibu na kiti chake. Hakusema. Wanawake wa jirani walikuja kumsalimu na akawahadithia yote bila kujificha. "Msinifuate mimi," aliwaambia. "Nilizua katazo ambalo halipo, nikawaacha kupe wamle mbuzi." Walimwambia ni kudra, asijilaumu. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Niliendelea kumimina, nikauliza nani anataka sukari zaidi.

Siku ya pili nayo ikapita. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani, nayo ilikuwa hesabu ya mwoga: mama atamchinja jike, udhiya yake itasihi, na neno langu halitahitajika tena. Nilingoja uamuzi wake uniokoe. Nilikwenda hata kumkagua yule jike, nikamtazama masikio kwa mbali, nikaridhika. Hata mara moja sikudhani kwamba mama alikuwa akingoja kitu, au kwamba alikuwa ameacha kungoja.

Siku ya tatu tuliketi nyuma ya nyumba tangu alasiri. Usubi walikuwa wametoka na walikuwa wakinimaliza vifundo. Nilijikuna mguu kwa mguu. Mama hawakumgusa, hawamgusi kamwe. Tulizungumza mambo madogo, bei ya nazi, kaka yangu mkubwa na maradhi yake ya mgongo. Jua lilikwenda nyuma ya mikoko, likazama, na adhana ya magharibi ikasomwa. Mama aliijibu neno kwa neno mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea mikono yake miwili.

"Ndoo unikate kucha," alisema. "Siku za kutinda zimekwisha."

Nilikwenda kuchukua wembe, nikaketi chini mbele yake, nikamshika kidole gumba. Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa sababu ilikuwa imenishangaza kweli. "Mama, mbona hukumtinda jike?"

"Ukimpelekea mtu kitu kwa moyo wako wote," alisema, "akakurudishia mlangoni, utampelekea kingine?"

Sikumwelewa.

"Nimemlea miaka miwili. Nikajikaza nisimguse hata kwa kidole, kwa ajili ya Mola wangu. Na hao hao niliowaacha kwa ajili Yake, ndio aliowatuma walile sikio. Huko ni kurudishiwa, mwanangu. Nimeambiwa hapana. Nikaogopa kuuliza mara ya pili."

Niliweka wembe chini. Nikamwambia. Nilimwambia koleo, na kupe watatu ukingoni, na haraka yangu ya kazini, na mwiba ambao haukuwapo, na majivu. Nilisema kwa mpangilio, kama ninavyoeleza mzigo ulioharibika njiani, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kusema.

"Kwa hivyo si Yeye," mama alisema.

"Si Yeye, mama. Ni mimi."

"Wala si kwa sababu ya lile katazo langu."

"Ni mkono wangu."

Alicheka. Sikulitarajia hilo. Alicheka akajishika kifua, akasema alhamdulillahi, akairudia, akairudia tena, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, lile la mwanga na lile lililofunga. Nilidhani mambo yamekwisha, kwamba nimesamehewa na nimepona. Nilianza hata kutabasamu. Kisha kicheko kikamwishia taratibu, akageuza uso upande wa mikoko, akiutafuta mwanga kwa jicho la kushoto.

"Jua limezama?"

"Limezama, mama."

"Lote?"

Nilitazama, ingawa nilijua. "Lote."

Mama akarudisha mikono mapajani.

"Ungenambia alasiri," alisema.